Upande wa Nne wa Nyumba ya Kitaliano

Jana nimepita pale mnapochanganyia simiti, nyuma ya kituo cha magari, nikamsikia mmoja wenu akimwambia mteja, "Boss, tutakuwekea geti ya Kitaliano, majirani watajua hawajui." Nikasimama. Nilitaka kuuliza geti la Kitaliano linakaaje, halafu nikaona nitamharibia kijana wa watu biashara yake bure, nikaenda zangu. Lakini neno lenyewe lilinifuata mpaka nyumbani.

Siku hizi hapa Nakuru kila kitu ni cha Kitaliano. Sofa yenye mikono iliyojikunja ni ya Kitaliano. Viatu vyenye ncha, Kitaliano. Vigae vya bafu vilivyoshushwa kutoka kwa lori sijui limetoka wapi, navyo ni Kitaliano. Kuna mama jirani yangu anasuka nywele ambazo anaapa ni za Kitaliano, na mwenye kichwa anatoka Njoro. Tangu tuitwe jiji mmezidi kabisa. Mtu akiwa na kitu anachotaka kukiuza haraka analibandika hilo neno, na mteja anatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mimi nililijua neno hilo likiwa na maana. Nilifanya kazi ya plasta miaka mingi kuliko umri wenu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa juu ya jukwaa la miti nikipamba nyumba za watu. Nitawaambia maana yake kama nilivyofundishwa, halafu nitawaambia kwa nini nikilisikia leo mate yananigeuka machungu mdomoni. Na kama mnafikiri nitawapeleka kwa kale kakanisa kalikojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano kwenye mteremko wa Mai Mahiu, poleni. Kale kanapigwa picha na kila anayesimamisha gari. Mimi nasema habari za nyumba ambazo hakuna anayesimama kuzitazama.

Aliyenifundisha alikuwa Sikh mmoja mzee, mkandarasi mdogo wa hapa mjini, aitwaye Karnail. Sisi tulimwita Sardar. Alikuwa na kilemba cha rangi ya buluu kilichojaa vumbi la chokaa na Kiswahili chake mwenyewe ambacho hakuna mtu mwingine aliyekizungumza. Siku moja tajiri fulani alimwambia anataka nyumba ya Kitaliano, yenye simba wawili mlangoni na maua ya simiti kila pembe. Sardar akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Weka simba, weka maua, hiyo hapana Kitaliano. Hiyo kelele." Tajiri akaenda kwa mkandarasi mwingine. Sardar akatugeukia sisi mafundi akatueleza pale pale, na mimi nimelishika neno lile kama alivyolisema.

"Kitaliano vitu tatu tu," akasema. "Paa toka nje mingi, fanya kivuli kwa ukuta. Dirisha refu, kichwa duara. Na mkanda zunguka nyumba yote, hapana katika. Kwisha."

Mkanda ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ni ule mstari mnene wa plasta unaozunguka nyumba juu, chini tu ya paa, wenye mikunjo na vipandio vidogo. Mchana jua linapiga kwenye mikunjo ile, sehemu moja inang'aa na nyingine inakuwa na kivuli, na nyumba inaonekana imevaa. Leo mnanunua mkanda wa kitu chepesi kama kile kinachofungiwa televisheni mpya, mnaupaka gundi, mnaubandika, mnaenda kula. Sisi tuliuvuta kwa mikono.

Sikilizeni, maana hili hamtaliona tena. Unakata bati gumu kwa umbo la mkanda unaoutaka, mikunjo yote, unalipigilia kwenye ubao. Hicho chombo tulikiita farasi. Unapigilia fito ndefu ukutani ziwe njia ya farasi, halafu unamburuta juu ya plasta mbichi, anakwenda, anarudi mwanzo, anakwenda tena, na kila akipita umbo linazidi kutokea. Lakini mtu mmoja hawezi. Lazima wawe wawili. Mmoja anavuta farasi, wa pili anatangulia mbele yake akiulisha ukuta plasta. Ukilisha nyingi farasi anakwama na kung'oa kila kitu. Ukilisha kidogo kunabaki mashimo. Anayelisha hana nafasi ya kugeuka nyuma kutazama, kwa hiyo anajifunza kumsikiliza mwenzake kwa masikio, mlio wa bati unamwambia plasta ni nzito au nyepesi.

Mchanga nao usiuamini kwa sababu dereva amekuapia. Mchanga wa Mai Mahiu huja na vumbi jingi. Usugue kwenye kiganja, kiganja kikibaki kichafu, rudisha au uoshe mwenyewe. Chokaa iloweke mpaka iwe laini kama siagi, la sivyo itakuja kufura ukutani mwaka unaofuata na wewe umeshabadilisha namba ya simu.

Na sheria kubwa ilikuwa hii: ukianza upande mmoja wa nyumba, humsimamishi farasi mpaka kona. Plasta ikikauka katikati ya ukuta, pale ulipounganisha pataonekana maisha yote, upake rangi utakavyopaka. Ni kona peke yake inayoficha kiungo. Ndiyo maana kwa Sardar hakukuwa na chai ya saa nne wala ya saa ngapi. Chai ilikuwa kwa kona. Kuna fundi mmoja aliyesikia mama wa mandazi akipita, akashuka katikati ya ukuta kwenda kununua. Sardar hakumkemea. Alimwacha ale, akamwongezea na chai, akamuuliza kama ameshiba. Alipokubali kwamba ameshiba akampa nyundo abomoe upande mzima, na sisi wengine tukakaa kivulini tukimtazama na kucheka hadi machozi. Yule fundi wa mandazi alikuwa Elijah.

Elijah alikuwa mtu mrefu, mwenye kucheka kwa pua, asiyeweza kukaa kimya ila tu wakati farasi anatembea. Yeye alivuta, mimi nililisha. Sardar alipozeeka na kuacha kazi alituachia farasi wake, mmoja tu, sisi wawili, akasema tusigawane. Tulifanya kazi pamoja mpaka nikawa naujua mlio wa pumzi yake kuliko wa mke wangu. Alikodi vyumba kwenye ploti iliyopakana na yangu. Watoto wake walikula kwangu na wangu walikula kwake bila mtu kuuliza.

Najua mnachotaka kuuliza sasa. Mmeshaanza kupima jina langu, Zakayo, na lake, mkijaribu kujua huyu ni wa wapi na yule ni wa wapi. Sitawaambia. Kule juu ya jukwaa jambo hilo halikuwa na kazi, na nikilisema hapa mtaacha kusikiliza habari na kuanza kuchagua upande. Inatosha mjue kwamba yeye alikuwa wa watu wengine na mimi wa watu wengine, na kwamba sote wawili tulizaliwa hapa hapa.

Mwaka elfu mbili na saba tulipata nyumba kubwa kuliko zote tulizowahi kuzishika. Ilikuwa juu kule kwenye mwinuko, unaona ziwa lote chini. Mwenye nyumba alikuwa tajiri wa malori, ofisi yake ilikuwa Mai Mahiu. Sisi tulimwita Mwenyewe, kama mafundi wote wa huku wanavyomwita mwenye nyumba. Siku ya kwanza alitukuta tumeketi juu ya mawe.

"Nyinyi ndio mnajua hii Kitaliano?"

"Tunajua," Elijah akasema. "Wewe unataka Kitaliano gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Kuna ya ukweli, na kuna ya simba kwa geti."

Mwenyewe akacheka. "Basi nipeeni zote mbili."

Tulimtoa kwenye simba polepole. Elijah alikuwa na maneno, mimi sina. Alimchorea nyumba mavumbini kwa kijiti, paa lililotokeza, madirisha marefu yenye vichwa vya mviringo, baraza lililo wazi upande wa mbele lenye matao matatu, na mkanda kuzunguka. Mwenyewe akatazama ule mchoro wa mavumbini muda mrefu. "Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo, usibadilishe." Siku ile nilimpenda yule mtu. Nasema ukweli, nilimpenda.

Tulianza nyuma ya nyumba. Hiyo nayo ilikuwa desturi ya Sardar: unaanza nyuma, mahali ambapo mkono unakosea bila kuonekana na wageni, na uso wa nyumba unauweka mwisho mkono ukiwa umeshazoea. Tukamaliza nyuma, tukamaliza ubavu mmoja, tukamaliza wa pili. Ilipofika Desemba ulikuwa umebaki uso peke yake, upande wa nne, unaotazama ziwa na barabara. Fito zilikuwa zimeshapigiliwa. Lakini Krismasi ilikuwa imefika, na uchaguzi, na hakuna mtu anayeanza uso wa nyumba wakati akili iko kwingine. Elijah alimtundika farasi kwenye msumari ndani ya stoo, akampiga kofi dogo.

"Januari tunamaliza uso," akasema. "Halafu natembeza bibi yangu hapa Jumapili, aone vile mimi najua kazi."

Kura tulipiga, kila mtu alipopiga. Hatukuulizana.

Vita vilivyofuata matokeo ya kura mmesimuliwa na wazazi wenu, kila mmoja kwa namna ya watu wake, kwa hiyo nitasema tu kile kilichopita mbele ya macho yangu. Vijana walikuja kwenye mtaa wetu. Wengine niliwajua, nilikuwa nimewaona wakizaliwa. Walikuwa wanauliza ploti ile anakaa nani. Mke wangu, Mama Ruthi, alipitia mwanya wa ua kwa nyuma akawatoa mke wa Elijah na watoto, akawaingiza chumbani kwetu, akarudi kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Elijah nilimvuta mimi mwenyewe, alikuwa amesimama uani kama mtu anayesubiri kuitwa. Tulikaa chini sakafuni, tukasikia vyumba vyake vikiwaka. Kitanda, nguo, simu aliyokuwa ameiacha kwa chaji, vyote. Kijana mmoja alimuuliza Mama Ruthi kama kuna mtu ndani. Akamjibu, "Kuna mume wangu na dada zake. Unataka nikuitie?" Hatukuwa na dada yeyote. Yule kijana akaondoka.

Asubuhi yake lori la kanisa lilikuja kuchukua watu na kuwapeleka kwa watu wao. Ndivyo walivyosema, kwa watu wao, kana kwamba mtu aliyezaliwa hapa ana watu wengine mahali wanamngoja na chai. Elijah alikuwa amekaa juu ya gunia, mtoto wake mdogo mapajani. Nilimshika mkono kupitia mbao za lori.

"Farasi iko wapi?" akaniuliza.

"Iko kwa Mwenyewe, kwa ile msumari."

"Na uso?"

"Uso sigusi mpaka urudi. Sitalishia mtu mwingine ule ukuta, Elijah. Haki ya Mungu."

Akatingisha kichwa. Lori likaondoka. Hiyo ndiyo ahadi niliyotoa, na ninataka mjue kwamba niliitunza.

Nilipiga simu yake kila nilipoweza kupiga, nikijua imeungua, na yule mwanamke wa kwenye mtambo akanijibu kila mara kwamba mteja hapatikani. Barabara zilikuwa hazipitiki. Jirani mmoja alikuja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba rafiki yangu ameonekana kule na kundi lililochoma nyumba za watu wetu, tena ndiye aliyekuwa anaonyesha. Nikamwambia atoke kwangu. Hakuwahi kunisalimia tena mpaka alipokufa, na sikwenda kumzika.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono na mvua ikaanza, Mwenyewe akanijia nyumbani kwa gari.

"Zakayo, nchi imetulia. Kuja umalize ile uso."

"Namngojea Elijah."

"Huyo sahau. Huyo hawezi ingia kwangu tena. Siku hizi lazima mtu ajue anaweka nani kwa kompaundi."

"Amekuwa kwa kompaundi yako tangu msingi."

"Hiyo ilikuwa time ingine. Tafuta tu mtu wa kwenu muendelee."

Mtu wa kwenu. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekusaidia. Huyu ndiye aliyekuwa amesimama juu ya mchoro wa Elijah mavumbini akisema usibadilishe. Nilipanda naye gari mpaka kule juu, nikaingia stoo, nikamtoa farasi kwenye msumari, nikatembea kwa miguu kurudi mjini naye begani. Aliniita. Sikugeuka. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha pia, lazima niseme, ile furaha ya mtu anayejiona amesimama wima wakati wengine wameinama. Nilikuwa najiambia Elijah akisikia hili atacheka kwa pua.

Mkitaka kujua neno Kitaliano lilivyobadilika maana, nendeni mkaitazame nyumba ile. Bado ipo. Alileta vijana na gundi, wakabandika ule mkanda mwepesi upande wa mbele. Haukutani na wa pembeni. Kwenye kona zote mbili umeshuka chini kidogo, na mmoja umeanza kukunjuka. Baraza lenye matao matatu limezibwa kwa vyuma kutoka juu mpaka chini. Madirisha marefu yalizibwa kwa matofali, yakabaki matundu madogo karibu na dari, kwa sababu mwaka ule watu walijifunza kwamba dirisha ni njia ya kuingizia jiwe na moto. Halafu ukaja ukuta wa nje, mrefu, wenye vipande vya chupa juu, na geti. Na juu ya geti, simba wawili. Alipata zote mbili mwishowe. Dereva wa boda boda akipita na mgeni anamwambia, unaona ile, ile ni nyumba ya Kitaliano.

Wateja wote baada ya hapo walikuwa hivyo. Kwanza waliuliza ukuta utakuwa na urefu gani, na waya, na vyuma. Kisha mwishoni kabisa, mtu akiwa ameshika mlango wa gari, anasema, "Na ukiweza utie Kitaliano kidogo kwa mbele." Kidogo kwa mbele. Paa linalotokeza lilikuwa la kuwapa kivuli hata wanaopita nje. Baraza lilikuwa la mtu kukaa akaonekana na jirani, wakasalimiana. Hakuna aliyetaka kuonekana tena, na siwalaumu, ila wangeliacha neno letu.

Mwaka ule ule wa elfu mbili na nane, ukielekea mwisho, dereva mmoja wa mchanga aliniambia amemwona Elijah mahali paitwapo Kamere, kando ya ziwa Naivasha, anapiga plasta nyumba ya wageni. Mama Ruthi aliposikia alipiga vigelegele jikoni. Alinifungia chapati, akanipa na shuka mpya za mke wa Elijah. Nikamtia farasi kwenye gunia, nikasafiri.

Nilimwona kabla ya kufika. Urefu ule hauwezi kuficha. Alikuwa juu ya jukwaa, ghorofa ya pili, anavuta farasi mwingine, na mbele yake mwanamume mfupi akilisha. Walikuwa katikati ya ukuta. Kwa hiyo sikumwita. Niliketi juu ya matofali nikangoja wafike kona, na nilipokuwa nangoja nikawa nasikiliza mlio wa bati, nikawa najua wapi yule mfupi amelisha nyingi. Nilikuwa natabasamu kama mjinga.

Wakafika kona. Elijah akashuka kuja kunywa chai. Akaniona nikiinuka, akapunguza mwendo.

"Ndiyo, boss," akasema. "Unatafuta nani?"

Nilidhani ni mzaha wake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Elijah, ni mimi. Nimekuletea farasi ya Sardar. Uso bado sijaugusa, nilikataa."

"Ulikataa," akasema. "Hiyo nilisikia. Nilitoka kule walitupeleka, nikaenda mpaka Mai Mahiu kwa ofisi ya Mwenyewe, kwa miguu mahali zingine. Namba yako iliungua kwa simu, na mtaani kwenu singeweza kukanyaga. Nikamwambia aniitie Zakayo tumalize kazi. Akaniambia Zakayo amesema hawezi panda jukwaa moja na watu kama mimi. Eti umechukua na farasi, umeenda."

Nikamweleza yote, tangu Mwenyewe alipokuja kwangu na gari mpaka nilipotembea na farasi begani. Nilieleza haraka haraka, nikirudia maneno, kama mtoto anayeshtakiwa. Yule mfupi alikuwa amekaa na kikombe chake akijifanya hasikii. Elijah alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwa gunia.

"Nakuamini," akasema. "Najua yule mtu, anaweza kusema hivyo. Nakuamini kabisa."

"Basi turudi. Kuna kazi nyingi Nakuru, si lazima iwe kwake."

"Zakayo, sikia. Aliponiambia, nilimwamini hapo hapo. Sikumuuliza hata swali moja. Bibi yako alifunga mlango na mwili wake watoto wangu wakiwa ndani, na bado niliamini kwa dakika moja kwamba wewe umesema hivyo. Sasa mimi nikipanda jukwaa na wewe, nitakuwa nakuangalia mgongo na najua hiyo kitu iko ndani yangu."

"Mimi niliambiwa wewe ulikuwa unaonyesha nyumba za kuchomwa," nikasema. "Nikamfukuza aliyeniambia. Kwa nini mimi niliweza?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni, mara ya kwanza tangu ashuke.

"Wewe uliambiwa ukiwa kwako," akasema. "Ukitoka hapo ulienda kulala kwa kitanda yako. Ni rahisi kumwamini mtu ukiwa kwa kitanda yako."

Jibu la hilo nimelitafuta tangu siku ile, nikiwa kazini, nikiwa kanisani, nikiwa nimelala kwenye hicho hicho kitanda, na sijalipata. Nilitaka aniambie amenikasirikia, maana hasira ningeiweza. Nilikuwa nimeitunza ahadi yangu kama nilivyoapa, na ikawa haimsaidii hata kidogo, wala mimi.

Nikamnyooshea gunia. Akalifungua, akamshika farasi, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya bati, polepole, mmoja baada ya mwingine. Halafu akalifunga tena akanirudishia. "Kaa nayo. Mimi nimejikatia yangu." Akapokea chapati na shuka, akasema nimshukuru sana Mama Ruthi, nimwambie amwombee. Kisha akamwita mwenzake wapande, kwa sababu plasta ilikuwa imeshachanganywa na haingojei mtu. Nililia pale barabarani, mchana, mbele ya wanawake wauza samaki, na sikujali nani ananiona.

Nilipofika nyumbani Mama Ruthi alikuwa amenisubiri mlangoni. Akatazama gunia mkononi mwangu, akauliza kama nimempata. Ningemwambia nini? Kwamba yule aliyemsimamia mlangoni na mwiko amekataa kurudi? Nikamwambia Elijah alishaondoka Kamere, chapati na shuka nimewaachia watu wanaomfahamu, ila hakuna anayejua alikoelekea.

Hajakata tamaa. Mpaka leo, lori la mchanga likisimama karibu na kwetu, yeye hutoka na kumuuliza dereva kama katika safari zake hajakutana na fundi mmoja mrefu sana, anayecheka kwa pua, anayeitwa Elijah. Anamweleza amwambie nyumbani kuko salama, arudi. Mimi huondoka hapo nikaenda nyuma kuwaangalia kuku.